Baba, Kazi Ninayosomea ni Unesi

Baba mpendwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, umeketi kivulini, na Mama yuko karibu umsomee. Mimi ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo mlilokuwa mkilisubiri wiki hizi zote. Sijaugua hata siku moja. Nimekonda kidogo, na viganja vyangu vimechubuka kwa maji ya dawa, lakini nakula na ninalala.

Goti la Mama linaendeleaje? Mbaazi za upande wa mtoni zilishika maua, au jua liliziwahi? Na yule fahali mwekundu bado anakataa nira? Huku mvua haijanyesha. Watu wanachimba maji kwenye mchanga wa mto, na ng'ombe, mbuzi na ngamia wanakunywa pale pale watu wanapoteka. Ndipo balaa yote ilipoanzia.

Barua yako niliipata ikiwa imechelewa, maana magari mengi yalikuwa hayataki kusimama hapa. Uliandika: "Acha yote uje nyumbani. Shule utarudia, uhai haurudiwi." Niliisoma mara tatu. Sikuweza kukujibu upesi kwa sababu nikikujibu ilibidi nikuambie jambo nililokuficha, na huu ni mwaka wa tatu. Wacha nilitoe sasa kabla sijapoteza nguvu.

Baba, sisomei udaktari. Nasomea unesi.

Siku barua ya kuitwa shule ilipofika ulikuwa unakaza bolti za plau. Uliniuliza, "Ni ya udaktari?" Nikakujibu, "Ni ya hospitali, Baba." Ukafurahi, nami nikaiacha furaha yako ilivyo. Jumapili ukasimama kanisani ukawaambia watu kwamba mwanao anaenda kuwa daktari, na wazee wakaja kukushika mkono mmoja mmoja. Nilikuwa benchi la nyuma. Ningekurekebisha siku ile ile tukitembea kurudi nyumbani, lakini niliogopa kukuaibisha. Kisha kila likizo ikawa ngumu kuliko iliyopita. Yunifomu yangu nilikuwa naiacha shuleni kila nikija, nikisema hairuhusiwi kutoka nje ya lango. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Darasani kwetu wanaume ni wachache. Najua pale kwetu Matiliku watu wangesema nini: mwanaume mzima ameenda shule kujifunza kuosha watu na kumwaga ndoo. Na mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nasema vivyo hivyo. Niliifanya kazi ili nifaulu mtihani, basi.

Kipindupindu kilipoingia huku kaskazini, mwalimu wetu alitukusanya akauliza ni nani atakubali kwenda kusaidia. Wasichana wawili waliinua mikono. Mimi niliinua wa kwangu kwa sababu wao walikuwa wameinua. Mmoja ni Mwikali, wa Sultan Hamud, mama yake ana duka kando ya barabara. Mwingine anaitwa Nduku, msichana mkimya anayetoka karibu na mji wa Kitui. Tukaletwa kwenye shule ya msingi iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tseikuru. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani, madawati yamerundikwa nje, na darasa la nne na la tano yamegeuzwa wodi.

Vitanda vyenyewe ungevistaajabia. Ni fremu za mbao zilizopigiliwa gunia, katikati pana tundu, na chini ya tundu pana ndoo. Mwenye kipindupindu hana nguvu ya kukimbilia choo. Maji yanamtoka mpaka macho yanazama ndani na sauti inakatika. Kumtibu ni kumrudishia maji yale, kwa kikombe kama anaweza kumeza, au kwa dripu, chupa ya maji ya chumvi inayotiririka mpaka kwenye mshipa. Kwa hiyo lazima ujue amepoteza kiasi gani, na hilo utalijua kwa kuinama na kuangalia ndoo. Hakuna njia nyingine.

Aliyetupokea anaitwa Sista Syokau. Ni mama wa umri kama wa Mama, mfupi, anavaa raba nyeupe, na ameshikilia zahanati ya hapa kwa miaka mingi peke yake. Cheti chake ni kidogo kuliko tutakachopata sisi. Nililijua hilo siku ya kwanza, na siku ya kwanza nilidhani lina maana. Alitupa kila mmoja kipande cha sabuni, akasema, "Hapa hakuna mgonjwa anayeitwa kipindupindu. Kila mtu ana jina lake. Ukilisahau, rudi umuulize."

Baba, sijaona mtu anayefanya kazi kama yule mama. Hakimbii, na hachelewi. Anaweza kumdunga mtu sindano huku akimuuliza habari za mbuzi wake, na mtu akajibu habari za mbuzi mpaka sindano imekwisha kuingia. Anamfinya mgonjwa ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, anatazama inavyorudi, na hapo anajua chupa ngapi zinahitajika. Hata akiwa amechoka mpaka anapepesuka, hajawahi kumwita mtu mzima kwa jina tupu. Ni Mzee fulani, Mama fulani, hata kama mtu huyo hajitambui.

Mimi nilijichagulia kazi safi. Nilijaza chati, nikatundika dripu, nikachemsha maji. Ndoo niliwaachia Mwikali na Nduku. Mwikali alilia siku mbili za kwanza, akilia na kumwaga, akilia na kuosha. Wagonjwa waliniita daktari na niliitikia. Sista Syokau alisikia nikiitikia. Aliniangalia mara moja tu akaendelea na shughuli zake.

Sehemu inayofuata ni ngumu, na sijui kama utamsomea Mama.

Siku ya tano aliletwa mama mmoja wa hapa anayeitwa Kasyoka. Aliingia kwa miguu yake, akiongea. Mumewe alimwacha kwetu akaenda kuwapeleka watoto kwa nyanya yao. Asubuhi ile Mwikali na Nduku walikuwa mtoni wakiwaonyesha wanawake jinsi ya kutia dawa kwenye maji, Sista yuko chumba cha pili, na mimi nimeachiwa chumba cha kwanza. Nilikuwa nakiandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Nikamuuliza Kasyoka, "Unaendeleaje?" Akasema, "Vizuri, daktari." Nikaandika: anaendelea vizuri. Nikapita.

Sista alipoingia hakumuuliza kitu. Aliinama moja kwa moja chini ya kitanda. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Aliposhika mkono wa Kasyoka ulikuwa tayari baridi. Tulimwekea dripu mikono yote miwili, Sista akiminya chupa kwa nguvu ili maji yaingie upesi. Alikufa kabla ya saa sita mchana, na mumewe hajarudi.

Sista alimwosha mwenyewe. Alikuwa akimwambia kana kwamba anasikia, "Kasyoka, sasa nakugeuza. Sasa nakufunika." Tulipokuwa nje kwenye pipa la maji nikamuuliza, "Sista, ni mimi niliyemuua?"

Alikausha mikono yake polepole. "Siwezi kukuambia kwamba angepona," akasema. "Wala siwezi kukuambia kwamba hangepona. Ninachojua ni kwamba ndoo inaangaliwa na yule aliye karibu."

Baba, ningependelea anitukane.

Siku iliyofuata nilifunga mfuko wangu. Lori la mbuzi lilikuwa linaelekea Mwingi na dereva alikubali kunichukua. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, nikajiambia kwamba baba yangu ameniita na mtoto hutii. Nikamwendea Sista Syokau wodini kumwambia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yote, akinisihi au akinikemea.

Alisema, "Sawa. Lakini hakuna nesi anayeondoka wodini bila kutoa ripoti. Nipe ripoti yako." Akachukua kalamu na daftari, akasubiri.

Ripoti ni hivi: anayemaliza zamu anamweleza anayeingia hali ya kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda. Nikaanza nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko begani. "Kitanda cha kwanza, Mzee Mulwa. Yuko kwenye chupa ya nne. Amekojoa mara mbili tangu alfajiri."

"Ndoo yake?"

"Sijui, Sista."

"Angalia."

Nikaweka mfuko chini nikaenda nikainama. Nikamwambia nilichoona. Kitanda cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, vivyo hivyo. Kufikia cha nne hakuuliza tena, kwa sababu nilikuwa nimeinama kabla hajasema. Kitanda cha sita dripu ilikuwa inakaribia kwisha, nikaibadilisha. Cha saba ndoo ilihitaji kumwagwa, nikaibeba nikaenda kuimwaga shimoni, nikaiosha, nikairudisha. Kitanda cha tisa mama mmoja mzee aliniambia, "Musembi, nishikie kikombe, mkono wangu unatetemeka." Nilikuwa nimemshikia kikombe lori lilipopiga honi. Likapiga tena. Nikapaza sauti dirishani nikamwambia dereva aende.

Usifikiri nilikata shauri la kishujaa. Yule mama alikuwa hajamaliza kunywa, hilo tu. Na nilipokuwa nikitoa ile ripoti niligundua kwamba watu wote wale nilikuwa nawajua, majina yao na vijiji vyao, na nani hapendi kulala upande wa kushoto. Ningeenda wapi na habari hizo zote?

Sista Syokau hakunisifu. Alisema, "Bado vitanda viwili."

Tangu siku hiyo ndoo zikawa zangu sawa na za wenzangu. Mwikali alinitazama siku ya kwanza nikiosha, akasema, "Umechelewa, lakini karibu." Tulicheka wote, hata Nduku, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Na mtu akiniita daktari namwambia mimi ni nesi mwanafunzi. Kuna wanaoshangaa, na wengine wanasema tu, "Haya, nesi, lete maji."

Kisha ikaja habari ya Mzee Hassan. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo, watu wake walitoka kaskazini mashariki, na anaheshimiwa na kila mtu sokoni hapa. Mkewe, Mama Halima, alikuja mbio shuleni, leso imemwangukia mabegani. Akamwambia Sista, "Mume wangu amejifungia stoo ya ngozi tangu jana. Anatapika na kuhara. Anasema heri afe kuliko kuvuliwa nguo na wasichana walio rika la binti zake."

Sista akauliza, "Hajui kwamba tuna mwanaume?"

"Anajua mna daktari. Daktari haoshi mtu."

Sista Syokau akageuka akanitazama. Nikachukua chupa za dripu, sabuni na ndoo.

Tulienda wote wawili. Mlango wa stoo ulikuwa umefunguliwa na ndugu yake, ukatundikwa gunia kama pazia. Sista alisimama nje ya lile gunia, akaniashiria niingie. Ndani kulikuwa na harufu ya ngozi mbichi na ya ugonjwa. Mzee alikuwa sakafuni, midomo imekauka, sauti yake kama mtu anayenong'ona kwenye debe.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, Mzee. Mimi ni nesi."

"Nesi mwanaume?"

"Mwanaume."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema.

Nilimsafisha kwanza. Nilimfunika kwa shuka, nikawa nafunua sehemu ndogo, naosha, nafunika, ndipo naendelea na nyingine. Lakini nilipotafuta mshipa sikuuona. Mtu akikaukiwa maji mishipa inalala bapa kama kamba isiyo na ndoo. Nilijaribu mkono wa kulia nikakosa. Jasho likaanza kunitoka. Nikaita, "Sista, siupati."

Angeweza kuingia. Mtu mwenye ujuzi wake angeingia, akaifanya kwa dakika moja. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida, upande wa pili wa gunia, "Mzee Hassan, ni mimi Syokau. Niko nje, siingii, wala sitazami. Nitasema na kijana tu." Kisha kwangu, "Umefunga ile kamba ya mpira juu ya kiwiko?"

"Nimefunga."

"Acha kutafuta kwa macho. Tafuta kwa kidole, kwenye kikunjo cha kiwiko, mkono wa kushoto. Polepole. Utakuta kitu kama uzi uliolowa."

Nilitafuta muda mrefu. "Nimeukuta, nadhani."

"Usidhani. Ubonyeze uachie. Unarudi?"

"Unarudi."

"Basi ingia nayo, sindano ilale, isisimame."

Damu ilirudi kwenye mrija, nyeusi, nzuri. Nikasema, "Imeingia." Akasema, "Iache ikimbie." Ndipo nikasikia akishusha pumzi, Baba, kwa hiyo naye alikuwa ameishikilia.

Sista alikaa pale nje kwenye jua mpaka chupa tatu zilipokwisha. Kila mara alikuwa akiniuliza, nami nikijibu. Adhuhuri wakaadhini, na mpaka wanaadhini alasiri alikuwa bado pale. Sauti ya Mzee Hassan ilipoanza kurudi, neno la kwanza alilosema si habari ya maji wala ya ugonjwa. Alisema, "Yule mama bado amesimama juani? Mpeni kiti."

Alipona. Na alipopona aliwaambia wanaume wenzake, na wanaume wakaanza kutoka walikokuwa wamejificha, mabandani na vichakani, wakiwa na aibu ile ile. Tukafungua darasa la sita likawa la wanaume na mimi nikapewa. Mzee Hassan pia ndiye aliyewashawishi wenye mifugo wanyweshe upande wa chini wa mto, mbali na wanapoteka watu. Sisi tulikuwa tumeliomba hilo wiki nzima bila kusikilizwa. Si wote tuliowapokea waliopona, na majina ya waliokufa nayajua yote. Lakini sasa ni wiki mbili hajaletwa mgonjwa mpya. Kuta za madarasa zimepakwa chokaa, na Jumatatu watoto wanarudi.

Jana Mzee Hassan alikuja kutuaga. Tulikuwa tumekaa ngazini, yeye na mimi, akaniuliza, "Kijana, nani alikufundisha kumgeuza mtu mzima bila kumwaibisha?" Nikamjibu, "Shuleni." Alipokwenda zake nikabaki nimekaa, kwa maana nilijua si kweli. Shuleni tulifundishwa kukunja shuka.

Nilikumbuka mwaka ule Babu alipolala bila kuweza kusimama. Siku moja Mama alinituma nikuletee sabuni chumbani kwake. Uliniambia niiache mlangoni, lakini mlango ulikuwa na upenyo na niliona. Ulikuwa umemwegemeza Babu kifuani kwako, unamwosha mgongo kwa kitambaa, na blanketi umeliacha likimfunika kiunoni. Ulikuwa unamsimulia habari za ng'ombe, yupi ana mimba na yupi amevunja ua, kwa sauti ya kawaida kabisa, naye alikuwa anakujibu. Nje watu walisema ni Mama aliyemtunza mzee mpaka mwisho, na wewe ukawaacha waseme. Miaka yote hii nilidhani ulinyamaza kwa sababu uliona haya kwa kazi ile. Sasa nafikiri ulinyamaza kwa ajili ya Babu.

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo kama gari litapatikana, na nitakaa siku nne. Kama una hasira nami kwa kukuficha, niambie ana kwa ana. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Mwambie Mama nimekuwa nikiota muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Msalimie dada yangu Mbithe, na wanafunzi wake wa nasari. Msalimie mjomba Kilonzo, fundi wetu wa baiskeli, na mchungaji, na yule mama jirani anayetuazima punda. Sista Syokau anakusalimu pia. Aliponiona naandika aliuliza ni kwa nani, nikamwambia, akasema, "Mwambie baba yako nimemwona, katika mikono yako."

Mungu awashike mkono wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Musembi